Shemeji ndiye mwenyekiti wa mtaa, na mume hataki nichukue fomu

BARUA

Bi Mtendaji, shikamoo. Kamwene kutoka huku kwenye baridi.

Nina miaka 41, nina mume na watoto wawili. Tunaishi mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, kwenye barabara kuu ya Zambia, pale malori yanapolala. Nina mgahawa karibu na standi: asubuhi supu na chapati kwa madereva, mchana wali na ugali. Pia ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama.

Mwenyekiti wa mtaa wetu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Amekaa kwenye kiti tangu 2014, na 2019 alipita bila kupingwa. Nyumbani sina ugomvi naye. Alisimama na mume wangu wakati wa mahari, kiwanja tulichojenga alitupa yeye, na watoto wakiugua Baba Mkubwa ndiye wa kwanza kuja. Lakini mtaani amewachosha watu. Mikutano ya wakazi haitishwi. Mapato na matumizi hayasomwi. Ukienda kuomba barua ya utambulisho unaambiwa "uje na ya soda". Anayeuza kiwanja anadaiwa asilimia kumi na risiti hapewi. Na mwaka huu eneo la wazi nyuma ya shule, ambapo watoto walikuwa wanacheza mpira na sisi tunauzia mboga siku ya gulio, limezungushiwa mabati. Tukiuliza tunajibiwa kwamba lina mwenyewe.

Sasa akina mama wa kikoba, vijana wa bodaboda wa pale standi na wazee wawili tunaosali nao wamenifuata. Wanasema kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, mgombea wa uenyekiti niwe mimi. Mwanzo nilicheka. Siku hizi sicheki tena, nalala nikiwaza.

Nilipomwambia mume wangu, hakupiga kelele. Alimaliza kula, akanawa, akasema, "Ukichukua hiyo fomu, tafuta na pa kulala." Toka siku hiyo anakula kwa mama yake mdogo. Mama mkwe naye amepiga simu kutoka kijijini, eti mke aliyeolewa kwenye ukoo hashindani na mkubwa wa ukoo. Na mume ameongeza lingine: nigombee nisigombee, siku ya kura nimpigie shemeji na nipige picha karatasi yangu kwa simu, nimwoneshe.

Kuna mzee mmoja wa chama chetu anayejiita mtaalamu wa kura za maoni. Anasema nimpe milioni moja na nusu "awaone watu", orodha anayo. Sina hela hiyo. Rafiki yangu anashauri niikope kwenye kikoba, nirudishe nikishashinda. Chama kingine kimeniambia nihamie kwao, nitapewa nafasi moja kwa moja bila kura za maoni. Mimi ningependa nigombee bila chama chochote, maana shida za mtaa wetu hazina rangi ya bendera.

La mwisho: juzi vijana wa shemeji wameleta kanga doti thelathini, wakasema niwagawie akina mama wa kikoba "kama salamu za mwenyekiti". Ziko chini ya kitanda mpaka leo.

Naogopa nisije nikakosa kiti na ndoa pia. Nifanyeje?

Mama Wawili, Nyanda za Juu Kusini

JIBU

Marahaba, Mama Wawili. Kamwene.

Barua yako nimeirudia, na kila mara nimekwama kwenye maneno machache uliyoyapita mbio: kiwanja mlichojenga alikupeni shemeji. Hukusema kama kuna karatasi. Nadhani haipo, maana ingekuwepo mumeo asingeogopa namna hii. Alipokuambia utafute pa kulala, mimi sikusikia mume anayefukuza mke. Nilisikia mtu anayepiga hesabu: mke wangu akimtoa kaka kwenye kiti, kaka akasema kiwanja ni changu, sisi wanne tutalala wapi? Na mwanamume kukiri mbele ya mkewe kwamba anaishi kwa hisani ya kaka yake ni kazi kubwa. Kutisha ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza na mumeo yawe ya kiwanja. Fomu iweke pembeni. Watoto wakishalala muulize: kaka alitupa, au alituazima? Kisha yeye mwenyewe, si wewe, akamwombe kaka yake waandikishane, wawe na mashahidi, na ikiwezekana mbele ya wakili, kwa sababu haipendezi mwenyekiti kugonga muhuri wa mtaa kwenye karatasi ambayo mtoaji ni yeye. Nimekaa ofisi ya kata miaka mingi kabla ya kustaafu. Mashauri ya ndugu yaliyonichosha kuliko yote yalianzia kwenye "jenga tu, sisi si wamoja?" Shemeji akiandika, mumeo atapumua na utamwona anarudi kula nyumbani. Akikataa, mmepata jibu ambalo mlipaswa kuwa nalo hata kama nchi hii isingekuwa na uchaguzi.

Baada ya hapo nenda kwa shemeji. Usiache akasikia kijiweni. Nenda na mumeo akikubali, asipokubali nenda na mmoja wa wale wazee wawili, uvae vizuri, umwamkie kama siku zote, umwambie: shemeji, watu wameniomba nichukue fomu ya uenyekiti, nimeona si adabu uisikie kwa mwingine. Usimsomee makosa yake pale. Asilimia kumi na mabati yana mahali pake pa kusemewa. Mwambie pia kwamba kwenye ukoo atabaki mkubwa, kwenye mahari na misiba atakaa anapokaa, na hakuna kura ya mtaa itakayomtoa huko. Hilo mama mkwe anahitaji kulisikia kuliko mtu yeyote, na halisemwi kwenye simu. Panda gari uende kijijini.

Ukoo huenda ukaja na suluhu yao: shemeji aendelee na uenyekiti, wewe ugombee ujumbe wa kamati ya mtaa, kwenye nafasi za wanawake. Ujumbe si kiti cha kudharau. Mjumbe anayejua kusoma mahesabu anaweza kumkosesha mwenyekiti usingizi. Lakini ukiupokea kama zawadi ya kukunyamazisha, utakaa miaka mitano unagonga meza kukubali mambo yaliyokwisha kuamuliwa sebuleni kwa shemeji yako. Mimi ningeukataa. Wewe ndiye utakayeishi na hao watu, kwa hiyo upime.

Kama ugombee au usigombee: naona ugombee. Ila kuna kitu sikukiona kwenye barua yako. Umeeleza vizuri sana anayoyakosea shemeji, hukuandika hata mstari mmoja wa utakachofanya wewe ukishakaa. Watu wa bodaboda watakuuliza, na wasipouliza wao mimi nauliza. Mwenyekiti wa mtaa halipwi mshahara. Posho inategemea halmashauri yako, na kuna halmashauri ambazo posho hiyo ni hadithi. Mtendaji wa mtaa ndiye mwajiriwa, mwenye faili na mafunguo ya ofisi, na mwenyekiti asiyeelewana na mtendaji hafanyi lolote. Wewe utagongewa saa nane usiku kwa sababu mtu kampiga mkewe. Utaitwa polisi kumdhamini kijana aliyekamatwa na pikipiki isiyo na karatasi. Utaandika barua za utambulisho mpaka vidole viume: ya benki, ya NIDA kwa kitambulisho cha taifa, ya mwanafunzi, ya kikundi kinachoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Kila kikundi kitakachokosa kitasema umependelea kikoba chako. Na supu ya asubuhi nani atapika?

Siandiki haya kukukatisha tamaa. Watu wengi hugombania muhuri bila kujua kwamba muhuri huo ndio kazi yenyewe, na ndio maana baadaye wanaugeuza duka. Ukisimama kwenye kampeni ukasema barua ya utambulisho haitauzwa, mkutano wa wakazi utaitishwa na tarehe itabandikwa ukutani, na mapato na matumizi yatasomwa kwa sauti, umemaliza hotuba. Usiahidi lami. Lami si ya mtaa. Nimewaona wagombea wa mtaa wakiahidi daraja na hospitali, watu wanapiga makofi huku wanacheka.

Twende kwenye chama. Unatamani kugombea bila chama, na hauko peke yako. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani tangu 1993. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ikakubaliana naye, Bunge likabadilisha Katiba kulizima. Akarudi tena, Mahakama Kuu ikampa ushindi 2006, Mahakama ya Rufani ikautengua 2010. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikasema Tanzania inakiuka haki kwa kumlazimisha mgombea awe na chama. Mtikila alifariki 2015 bila kuona mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura. Mpaka leo mgombea wa mtaa lazima awe mwanachama wa chama chenye usajili na adhaminiwe nacho. Masharti mengine unayo: uraia, miaka 21 au zaidi, ukazi wa mtaa huo, kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na kipato halali cha kujikimu. Chapati zako zinakutosha hapo.

Kwa hiyo una milango miwili, kura za maoni za chama chako au kile chama cha jirani. Wa kwanza ni mgumu kwa sababu mwenyekiti aliyekaa miaka kumi ana watu tawini ambao aliwaingiza mwenyewe. Wa pili unaonekana mwepesi. Sina cha kukuambia kuhusu chama kipi ni kizuri, hiyo ni imani yako. Ninachokuambia ni kwamba uchague kabla, si baada. Mgombea anayeshindwa kura za maoni jioni akaamka asubuhi na kofia ya rangi nyingine, wapiga kura wa mji mdogo wanamjua kabla hajafika standi. Ukihama, hama sasa, na sababu yako iwe unaweza kuisema mbele ya watu wale wale ulioimba nao miaka yote. Ukibaki, basi ukubali matokeo ya tawi, na wale waliokufuata uwaambie mapema kwamba utayakubali. Ratiba ya kura za maoni hupangwa na chama chenyewe, hivyo kaulize tawini leo. Usisubiri redio.

Na huyo mtaalamu wa milioni moja na nusu? Usimpe hata nauli. Mwaka 2020, baada ya kura za maoni za ubunge na udiwani, nchi nzima ilicheka kwa msemo kwamba wajumbe, yaani wale wa chama wanaopiga kura hizo, si watu. Wengi wa waliolia hivyo walikuwa wamewalisha hao wajumbe pilau jana yake, wakahesabu kura kwa kuhesabu sahani. Mtu mwenye orodha ya "watu wa kuonwa" anaiuza kwa wagombea wote, na usishangae shemeji yako naye ameinunua. Kumbuka pia kwamba hiyo ni rushwa kwenye kura za maoni kama ilivyo rushwa siku ya uchaguzi wenyewe, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hawaulizi kama hela ilitolewa na wewe au na mpambe wako. Zamani tulikuwa na kichaka cha kujificha kinachoitwa takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu mgombea "kukirimu" wageni wake, ndipo zikapita khanga, sukari na bia kwa jina la ukarimu wa Kiafrika. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo 2006. Kumpa mpiga kura kitu ili akuchague kumebaki na jina moja tu.

Hela ya kikoba usiiguse, hata kwa mkopo wa halali uliopigiwa kura na wanachama wote. Sanduku lenu nadhani lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mnajua kwa nini. Siku ukichukua mkopo wa kampeni, kila mama aliyemo atakuwa amewekeza kwako apende asipende, na ukishindwa atadai kwa ukali wa mtu aliyeshindwa pamoja nawe. Humo ndani nina uhakika kuna wanachama wa vyama viwili au vitatu, na labda mke wa rafiki wa shemeji. Nakushauri ukabidhi uweka hazina kwa mwenzako mpaka uchaguzi uishe, ukabidhi kwa maandishi, daftari likaguliwe kila mtu anaona. Na siku ya kukutana kikoba siasa zisitajwe. Wakitaka kukuunga mkono waje mgahawani, wanunue chai.

Kampeni ya mtaa haihitaji milioni. Ni siku saba tu, kuanzia tarehe 20 hadi 26 Novemba 2024, na eneo lako unalimaliza kwa miguu. Nenda nyumba kwa nyumba na mtu mzima anayeheshimika. Epuka vilabu vya ulanzi baada ya saa tisa, hata kama shemeji yako anashinda huko. Walevi wanakuahidi kura wote, na wakishalala wanasahau wote.

Kanga. Leo hii zitoe chini ya kitanda. Zirudishe kwa waliozileta, mchana, ukiwa na mashahidi wawili, na uombe waandike kwamba wamepokea doti thelathini. Wakikataa kupokea, zipeleke ofisi ya TAKUKURU ya wilaya ueleze zilivyokufikia. Najua huyu ni shemeji, na najua utaona kama unamchongea. Lakini fikiria zikikutwa kwako baada ya wewe kuwa mgombea. Nani ataamini ni zake? Wakati mwingine mtu huletewa mzigo wa namna hiyo makusudi. Sisemi shemeji yako amefanya hivyo. Nasema sijui kwa nini mwenyekiti mwenye vijana wake wa kampeni amtafute mweka hazina wa kikoba ambaye tayari mji mzima unasema atagombea.

Fomu ndiyo mahali watu wazuri wanapozama. Fomu ya chama ni moja, na fomu ya uteuzi inayotoka kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi ni nyingine. Wapo waliodhani wakijaza ya kwanza wamemaliza. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye hatua hii ya fomu, wengine kwa makosa madogo ya kujaza. TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, ilipokuja kutangaza kuwarudisha, vyama kadhaa vilikwisha kususa, na CCM ikazoa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Hata kama utapeperusha bendera ya chama kikubwa, usijiamini. Andika majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, bila vifupisho. Andika jina la chama kwa kirefu. Kazi andika unayoifanya kweli, na usiache kisanduku hata kimoja kitupu. Hakikisha udhamini wa chama una sahihi na muhuri. Kabla ya kurudisha piga picha kila ukurasa, rudisha siku za mwanzo badala ya saa ya mwisho, na uone jina lako likiandikwa kwenye kitabu cha waliorudisha. Ukienguliwa una haki ya kuweka pingamizi kwa msimamizi msaidizi huyo huyo, na usiporidhika kukata rufaa kwenye Kamati ya Rufani ya wilaya. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi mno, kwa hiyo uwe umejua mapema nani atakuandikia.

Kuhusu picha ya karatasi ya kura, hapa sina mzunguko. Kura ni siri. Mume hana haki ya kuiona, wala kiongozi wa dini, wala mwenyekiti wa chama, wala mimi. Kile kituturi, kibanda cha kupigia kura, kimewekwa ili mtu mwenye mume mkali, au deni, au mwajiri, aingie pale akiwa peke yake. Anayedai picha leo akiipata, kesho atadai ya binti yako. Simu iache mgahawani siku hiyo, hapo hutakuwa na cha kuonesha wala cha kubishania. Akiuliza, mjibu, "Nimepiga kura, Baba fulani, chakula kiko mezani." Usimdanganye umempigia nani na usimwambie. Na huyu mumeo, kama baada ya suala la kiwanja kukaa sawa bado anakutisha kukufukuza, mwite mshenga wenu na wazee wa pande zote mbili. Ikifika kwenye mkono au kwenye kufungiwa mlango, nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi siku hiyo hiyo. Hakuna kiti cha mtaa kinachosubiriwa na mtu mwenye jeraha.

Lile eneo la wazi lisisubiri Novemba. Kwa mjini mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa wala kuuza ardhi, mamlaka hayo yako kwa watu wengine kabisa. Nendeni wakazi kama watano, wanawake na wanaume, ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri, muombe kuoneshwa mchoro wa eneo lenu. Kama pale pamechorwa eneo la wazi au la shule, mwandikieni mkurugenzi barua ya pamoja, nakala kwa diwani, mgongewe "imepokelewa" kwenye nakala yenu. Kama mchoro unasema ni kiwanja cha mtu tangu zamani, basi mmejua, na wewe hutasimama jukwaani kumtuhumu shemeji jambo ambalo hakulifanya. Ningependa uende na hilo kundi wewe ukiwa mkazi, kabla hujawa mgombea. Kila mtu atakuwa na kumbukumbu ya nani alianza lini.

Tarehe sasa, za uchaguzi huu wa 2024. Uandikishaji wa wapiga kura ni tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwenye kituo cha mtaa wako. Kadi ya mpiga kura ya INEC, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, uliyo nayo kwenye pochi haikuingizi kwenye orodha hii. Uchaguzi huu unasimamiwa na TAMISEMI na una orodha yake, na asiyejiandikisha siku hizo hapigi kura hata awe na kadi tatu. Sharti ni kuwa mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Waambie hao vijana wa bodaboda, maana ndio wanaokushangilia kwa honi na ndio wanaosahau. Fomu za uteuzi zinachukuliwa na kurudishwa kuanzia tarehe 26 Oktoba hadi 1 Novemba. Kupiga kura ni Jumatano tarehe 27 Novemba, vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Madereva wako wa supu wahudumie mapema siku hiyo, au umpange mtu wa kushika mwiko.